Una VVU, uko Uingereza na makaratasi hayajakaa sawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi na wengine wote wanaoongea Kiswahili wakiwa Uingereza, hasa waliopitiliza viza, walionyimwa hifadhi au ambao bado wanasubiri majibu. Mengi yaliyomo yanahusu England, ambako wengi wetu tunaishi. Haya hayachukui nafasi ya daktari wala mwanasheria wako, lakini ningependa kila mmoja wetu ayajue kabla hajalazwa kitandani. Watu wetu wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa mno, na mara nyingi kilichowachelewesha si sheria bali hofu.

Viza yangu iliisha zamani. Ni kweli dawa za VVU ni bure hata kwangu?

Ni kweli. Tangu tarehe 1 Oktoba 2012, mtu yeyote aliyepo England anatibiwa VVU bila malipo, awe na viza, asiwe nayo, awe ameomba hifadhi ("kujilipua") na kukataliwa au hajawahi kuomba chochote. Bure hiyo inahusu dawa za kufubaza virusi, kipimo cha wingi wa virusi, kipimo cha kinga ya mwili (CD4) na kuonana na daktari wa VVU. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini pia hawatozi matibabu ya VVU.

Kabla ya hapo hali ilikuwa tofauti, na ndiyo maana uvumi wa zamani bado unazunguka. Kupima na kupewa ushauri kulikuwa bure, lakini ukikutwa na virusi na huna makaratasi, matibabu yenyewe ungeweza kutozwa. Kwa hiyo mtu alikuwa anaambiwa anaumwa, kisha anaonyeshwa bili. Waliopitia kipindi kile waliwasimulia wenzao, na simulizi hizo zimeishi kuliko sheria yenyewe. Akikwambia mtu kwamba "jamaa yangu alidaiwa maelfu ya pauni za ARV", muulize ilikuwa mwaka gani.

Nikienda kliniki, Home Office (wizara inayosimamia uhamiaji) hawatajua niko wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na lina msingi. Mwaka 2017 ulianza kutumika mkataba ulioruhusu Home Office kupewa anwani za wagonjwa kutoka kwenye kumbukumbu za NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, ili kuwatafuta watu wasio na kibali. Madaktari, mashirika ya wagonjwa na kamati ya Bunge waliupinga vikali, na mwaka 2018 ukasitishwa. Walioogopa hawakuwa wanaota.

Kwa leo, mambo yako hivi. Kliniki ya afya ya ngono, ambako VVU hupimwa na kushughulikiwa, inatunza kumbukumbu zake chini ya masharti makali ya usiri, na kazi ya mhudumu pale si kuuliza uliingiaje nchini. Mlango ambao taarifa zinaweza kupitia kwenda Home Office ni deni: mtu akidaiwa na hospitali pauni 500 au zaidi na miezi miwili ikapita hajalipa wala hajakubaliana namna ya kulipa, hospitali inaweza kutoa taarifa, na deni hilo likamharibia maombi ya viza baadaye. Matibabu ya VVU hayana bili, kwa hiyo hayazai deni la namna hiyo. Magonjwa mengine ni habari tofauti, nimeyaeleza chini.

Naanzia wapi? Lazima nipitie kwa GP, daktari wa kawaida wa mtaani?

Hapana. Kliniki ya afya ya ngono unaingia mwenyewe, bila barua ya GP. Unaweza kupiga simu, kuweka miadi mtandaoni au, penye utaratibu huo, kwenda tu na kusubiri. Maeneo mengi ya England pia yanatuma kipimo nyumbani kwa posta. Kama tayari unajijua, sema tangu mlangoni: "Nina VVU na dawa zinakaribia kuisha." Sentensi hiyo inakusogeza mbele ya foleni kuliko maelezo marefu.

Dawa zako utazipata kliniki au kwenye famasi ya hospitali. GP hazitoi.

Basi nina haja gani ya GP?

Kwa sababu mwili hauumwi VVU peke yake. Presha, sukari, kikohozi, chanjo za watoto, huzuni inayokunyima usingizi, vyote hivyo ni vya GP, na kumuona GP ni bure kwa kila mtu bila kujali makaratasi.

Kikwazo kipo mapokezini. Utaratibu wa NHS England unasema huhitaji kuonyesha kitambulisho, uthibitisho wa anwani wala hali yako ya uhamiaji ili kuandikishwa. Hata hivyo kuna mapokezi ambako utaambiwa ulete pasipoti na bili ya umeme, halafu urudi wiki ijayo. Mtu anayelala kwenye kochi la rafiki atatoa wapi bili ya umeme? Usibishane wala usiondoke kimya. Omba wakuandikie kwenye karatasi sababu ya kukukataa. Mara nyingi ombi hilo tu linamfanya mhudumu akamuulize meneja, na meneja anaijua kanuni. Wakiendelea kukataa, shirika la hisani la Doctors of the World limekuwa likisaidia watu kuandikishwa kwa GP.

Ukishaandikishwa, ni hiari yako GP ajue au asijue kuhusu VVU. Mimi ningeshauri ajue, kwa sababu kuna dawa za kawaida, na hata vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu, vinavyogongana na baadhi ya dawa za VVU. Anayekuandikia dawa gizani anaweza kukuumiza bila kukusudia.

Kiingereza changu hakitoshi, na mkalimani wa Kiswahili wa hapa mjini ninamfahamu. Tunasali naye. Nitasemaje mbele yake?

Swali hili lingekuwa la kwanza kama ningepanga kwa uzito wa maumivu. Jamii yetu katika mji mmoja wa England inaweza kuwa familia hamsini zinazokutana kwenye harusi zilezile, misiba ileile na duka lilelile la unga na dagaa. Mtu anaweza kushinda Home Office, akashindwa na hofu ya kumkuta shangazi wa fulani kwenye kiti cha mkalimani. Wapo wanaokatisha miadi kwa sababu hiyo na hawarudi tena.

Una haki ya mkalimani, analipwa na NHS, wewe hudaiwi. Na una haki ya kumkataa. Unapoweka miadi, sema mambo matatu: unataka mkalimani wa simu badala ya anayekuja mwenyewe, unataka atoke mji mwingine, na hutaki jina lako litajwe kwake. Kwa simu anasikia sauti tu. Kama Kiswahili chako ni cha Bukavu au Bujumbura na unaongea pia Kifaransa vizuri, unaweza kuomba mkalimani wa Kifaransa, ambaye pengine hana uhusiano wowote na jamii yako. Wapo wanaofanya hivyo na wanapumua.

Mkalimani anafungwa na kiapo cha usiri. Akitoa siri, lalamika kliniki. Si umbea wa kumezea, ni kosa linaloweza kumpotezea kazi.

Jambo moja nakuomba sana: usimtumie mtoto wako kutafsiri. Najua watoto wetu Kiingereza chao kimenyooka, na tunawategemea kwa barua za benki na simu za shule. Lakini mtoto wa miaka kumi hapaswi kuwa wa kwanza kusikia majibu ya damu ya mama yake.

Nimetoka nyumbani na dawa za mwezi mmoja tu. Nizipunguze ili zifike mbali?

Usipunguze hata siku moja. Kuruka siku ili chupa idumu ndiko kunakovipa virusi nafasi ya kuzoea dawa, na usugu ukishaingia, dawa iliyokuwa inakutosha haikutoshi tena. Vilevile usigawane na mwenzako wala usitegemee kutumiwa kwenye begi la mgeni anayekuja. Ndege ikiahirishwa, au begi likikaguliwa, wewe ndiye unayekaa bila dawa.

Nenda kliniki mara moja na chupa yako. Wengi wa wanaotoka Tanzania, Kenya au Uganda wanatumia kidonge kimoja cha siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, kile tunachokiita TLD. Madaktari wa huku wanazifahamu dawa hizo vizuri. Wanaweza kukupa vidonge vya chapa nyingine vyenye kazi ileile, kwa hiyo usishtuke rangi na umbo vikibadilika. Uliza tu ni kitu gani kimebadilishwa na kwa nini.

Kama una kadi ya CTC (kliniki ya VVU ya Tanzania), au karatasi ya CCC (kliniki ya VVU ya Kenya) kwa waliotoka Kenya, uje nayo au upigiwe picha na ndugu unayemwamini. Tarehe ya kuanza dawa, dawa ulizowahi kutumia na majibu ya mwisho ya wingi wa virusi vinamsaidia daktari. Kama huna karatasi yoyote, nenda hivyohivyo. Watakupima upya.

Matibabu mengine nayo ni bure?

Si yote, na hapa ndipo watu wanapoumizwa na mkanganyiko.

Bure kwa kila mtu ni GP, huduma ya dharura ya A&E kabla hujalazwa, kifua kikuu, magonjwa ya zinaa, uzazi wa mpango na VVU. Wanaosubiri majibu ya hifadhi, wakimbizi waliotambuliwa, waathirika wa biashara ya binadamu waliothibitishwa au kudhaniwa rasmi kuwa hivyo, na waliolipia ada ya afya kwenye viza, hawa nao hawatozwi hospitali. Aliyenyimwa hifadhi Scotland au Wales yuko salama zaidi kuliko aliyenyimwa England.

Mwenye kutozwa anatozwa asilimia 150 ya gharama ambayo NHS yenyewe huihesabu. Tangu Oktoba 2017, matibabu yasiyo ya haraka yanatakiwa kulipiwa kabla. Yale ambayo daktari ameona ni ya lazima au ya haraka hayatakiwi kuzuiwa kwa kukosa pesa, ila bili itakuja baadaye. Kwa hiyo mtu anaweza kupewa ARV bure ghorofa moja, akapanda ghorofa nyingine kwa figo au uvimbe akapewa ankara. Mimi naona ni upuuzi wa sera, na madaktari wengi wa VVU wanaona hivyo. Wewe ukipewa bili, usiikimbie wala usiitupe. Ipeleke kwa shirika la wahamiaji wakague kama ulistahili kutozwa, maana makosa hutokea, na kama deni ni halali, omba kulipa kidogokidogo. Mpango wa malipo ulioandikwa unalizuia deni lisiende Home Office.

Nina mimba. Nitadaiwa?

Kama huna msamaha wowote, huduma ya uzazi inatozwa. Lakini kliniki ya wajawazito, kujifungua na huduma baada ya hapo vyote vinahesabiwa kuwa vya lazima mara moja, na hakuna anayeruhusiwa kukurudisha nyumbani kwa sababu hujalipa. Nenda mapema. Mama anayekunywa dawa na virusi vyake havionekani kwenye kipimo, uwezekano wa mtoto kuambukizwa huku ni chini ya asilimia 1, na anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida.

Sasa kunyonyesha. Kule kwetu tunaambiwa mnyonyeshe mtoto maziwa yako matupu miezi sita huku ukinywa dawa. Huku ushauri wa kwanza ni maziwa ya kopo, kwa kuwa maji ni safi na kopo linapatikana, na hatari ndogo iliyobaki inaondoka kabisa. Mama zetu wanachanganyikiwa, wengine wanadhani wamedanganywa upande mmoja. Hakuna aliyedanganya: mazingira ni tofauti, na kila ushauri unapima hatari ya mahali pake.

Shida kubwa inakuja na wageni. Wakija kuona mtoto, watauliza mbona humpi ziwa, na kwetu swali hilo linabeba shutuma. Mkunga anaweza kukusaidia kuandaa jibu: maziwa hayatoki vizuri, unatumia dawa ya kidonda cha upasuaji, daktari amekataza kwa sasa. Hudaiwi ukweli wa damu yako na mtu aliyekuja kunywa chai. Kama moyo wako unataka kunyonyesha na virusi havionekani, mwambie daktari wako waziwazi. Mwongozo wa madaktari wa VVU wa Uingereza unaruhusu mama kusaidiwa kunyonyesha, akipimwa yeye na mtoto kila mwezi. Kunyonyesha kwa kujificha ndiko kubaya. Na kama kopo linakushinda bei, uliza kliniki. Baadhi ya maeneo yanatoa bure.

Kwenye maombi ya viza ya Uingereza watanipima VVU?

Hapana. Kwa viza inayozidi miezi sita, waombaji kutoka nchi zetu wanapimwa kifua kikuu tu. Kinachouma ni ada ya afya: tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa watu wazima wengi, na unalipa miaka yote ya viza kwa mkupuo.

Na Oman, Dubai, Saudia?

Huko ni kinyume kabisa, na wadogo zetu wanaokwenda kazi za ndani wanapaswa kuambiwa ukweli kabla ya kukopa pesa za wakala. Nchi za Ghuba zinapima VVU kabla ya safari, kisha tena baada ya kufika ili kupata ukaazi. Mgeni akikutwa na virusi ananyimwa ukaazi na kurudishwa, mara nyingi bila barua wala maelezo, na dawa hapewi kama raia anavyopewa. Mwaka 2019 UNAIDS ilihesabu nchi na maeneo 48 yenye vikwazo vya VVU kwa wasafiri na wahamiaji.

Pima nyumbani kwanza, kwa hiari yako, kwenye kituo cha serikali ambapo majibu ni yako. Kujulishwa na wakala mbele ya watu kwamba "umefeli medical" ni njia katili ya kujua, na wapo waliojua hivyo.

Je, kuwa na VVU kunatosha kunizuia nisirudishwe?

Peke yake, hapana. Lakini si jambo la kupuuza kwenye kesi yako.

Kwa miaka mingi kizingiti kilikuwa kesi ya N, mama kutoka Uganda aliyefika Uingereza mwaka 1998 akiwa mgonjwa sana. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikubali arudishwe, ikisema ni kesi za nadra mno, za mtu aliye karibu kufa, ndizo zinazolindwa. Mwaka 2016 mahakama hiyohiyo ililegeza kipimo katika kesi ya Paposhvili dhidi ya Ubelgiji, na tarehe 29 Aprili 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakifuata katika kesi ya AM, mwanamume wa Zimbabwe mwenye VVU. Sasa swali si kama unakufa leo, bali kama kukosa matibabu kule kutaidhoofisha afya yako kwa kasi, vibaya na bila kurudi, ukapata mateso makali au maisha yakafupishwa sana.

Kwa Mtanzania au Mkenya anayetumia TLD kesi hiyo ni ngumu, kwa sababu Home Office watasema dawa hizo zinatolewa bure kwenye kliniki za kwao. Inakuwa na nguvu kwa mwenye usugu, anayehitaji dawa zisizopatikana kirahisi nyumbani. Tangu misaada ya Marekani iliposimamishwa ghafla Januari 2025, wanasheria wana hoja mpya kuhusu uhakika wa dawa katika nchi zilizoitegemea, lakini zinahitaji ushahidi wa nchi yako na wa mwili wako: barua ya daktari, si maneno. Tafuta mwanasheria aliyesajiliwa. Jamaa anayejaza fomu kwa pauni 200 sebuleni hawezi kesi hii, na akiiharibu, kuitengeneza ni kazi.

Nikikamatwa je?

Sema una VVU kwenye uchunguzi wa kwanza wa afya, na sema ni saa ngapi unakunywa dawa. Beba jina la kliniki yako kichwani, kwa sababu simu inaweza kuchukuliwa. Kliniki ikijua uko kizuizini inaweza kuwasiliana na madaktari wa pale na kukuandikia barua.

Nafanya kea, kazi ya kutunza wazee. Mwajiri ana haki ya kujua?

Hapana. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamhesabu mtu mwenye VVU kuwa mwenye ulinzi wa ulemavu tangu siku anapogundulika, na mwajiri kwa kawaida haruhusiwi kukuuliza habari za afya kabla ya kukupa kazi. Kuwaogesha na kuwalisha wazee hakumwambukizi mtu VVU.

Virusi vyangu havionekani. Ina maana simwambukizi mwenzangu?

Ndiyo. Utafiti wa PARTNER uliofuatilia wapenzi wengi barani Ulaya, matokeo yake yakitolewa 2016 na 2019, haukupata hata maambukizi moja kutoka kwa mwenza anayekunywa dawa na ambaye virusi vyake havionekani. Hii ni pamoja na ngono bila kondomu. Endelea na dawa, endelea na vipimo.

Mchungaji amesema nimepona, niache dawa.

Njia hii tulishaipita. Mwaka 2011 watu walipanga foleni za magari kilomita kwa kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu, kwa shilingi 500, na wapo walioacha ARV baada ya kukinywa. Virusi vilirudi.

Sali, funga, pakwa mafuta, nami nitasema amina. Kidonge kinywe usiku huohuo. Kama mchungaji, shehe au mganga anataka ushuhuda, mwombe asubiri kipimo cha kliniki, na ukumbuke kwamba "havionekani" kwenye karatasi maana yake dawa inafanya kazi, si kwamba virusi vimekwisha mwilini.

Nimeamua kurudi nyumbani moja kwa moja. Nifanye nini kuhusu dawa?

Waambie kliniki angalau wiki kadhaa kabla. Omba dawa za miezi kadhaa za kukuvusha, na barua yenye majina ya dawa kama yanavyojulikana kitaalamu, tarehe ulizoanza, majibu ya mwisho na historia ya usugu kama ipo. Uliza kama dawa unayotumia sasa inapatikana kule. Kama haipatikani, ni bora ubadilishiwe huku mapema, upimwe, uone inakukubali, ndipo upande ndege. Dawa zikae kwenye begi la mkononi ndani ya chupa zake. Ukifika, jiandikishe CTC au CCC iliyo karibu wiki ileile, hata kama chupa bado zimejaa, maana kufungua faili na kupimwa huchukua muda. Kama unaogopa kukutana na jirani kwenye benchi la kliniki ya mtaani kwenu, chagua ya wilaya nyingine. Unaruhusiwa.